Ndege wa Mguu Mmoja

Floridalma karudi sokoni na blauzi mpya,
kaikung'uta mbele yangu ikalia kama karatasi.
"Mama, ketzali sitini tu! Haichuji. Haitaki pasi."

Nami nimefungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi,
mtande umenivuta hadi kwenye nguzo ya baraza,
siwezi kuinuka bila kulegeza kila uzi.
Nikasema, ilete hapa.

Ni ndege wetu.
Ndege wa vichwa viwili wa Santa Rufina,
anayetazama tulikotoka na tunakokwenda,
au, kama alivyosema marehemu mama,
anayewachungulia majirani wa pande zote mbili.
Nikawahesabu kwa kidole, safu kwa safu,
kama ninavyohesabu kabla ya kupitisha mshindio:
tisa, tisa, tisa,
na katika safu ya nne, wa saba kutoka kushoto,
nikamkuta.

Kilema wetu.

Bibi Magdalena alikuwa kwenye mguu huo
walipokuja kumwambia machimbo ya mchanga yamemfukia Jacinto.
Aliweka ubao chini.
Alipourudia mtande, mwezi ulikuwa umepita
na hesabu ilikuwa imemtoka,
au hakutaka kuikumbuka.
Akaendelea na ndege wa nane.
Mama akafuma vivyo hivyo, kwa makusudi.
Mimi vivyo hivyo.
Hatukuandika popote. Tulihesabu tu.

Sasa kiwanda, sijui cha nchi gani
(lebo ina herufi nisizoweza hata kuzikosea),
kimeuchapa msiba wetu mara elfu kumi,
na mashine, ambayo haijapata kufiwa,
imemkata mguu kila mara
kwa usahihi kabisa.

Ningependa kusema waliiba.
Kwenye mkutano wa ushirika wanawake husema waliiba
na mimi hupiga makofi pamoja nao.
Lakini mwaka ule wa mapafu,
Floridalma ana miezi minane, anapumua kama mlango mbovu,
alipita mwanamke mgeni mwenye viatu vya kupandia milima,
akaitazama blauzi ya mama yangu, ikiwa mwilini mwangu,
akataja bei.
Niliivua nyuma ya ghala la mahindi.
Nikaenda hospitali nimevaa sweta la mume wangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Alikuja. Mwenyeji akapona:
huyu hapa, miaka kumi na tisa, anatafuna chingamu.
Hakuna aliyeuliza mgeni ataondoka na nini.

Nikaigeuza nje ndani.
Za kwangu, upande wa nyuma una mafundo,
una mahali niliposinzia,
una uzi wa buluu nilioazima kwa Eulalia
na mpaka leo sijaulipa.
Hii nyuma yake ni nyeupe.
Nyeupe tu, kama mtu asiye na mgongo.

"Mbona huyu ana mguu mmoja?"

Alikuwa ameinama juu ya bega langu.
Alibebwa mgongoni, shavu juu ya ndege huyo;
alimtapikia, alimlilia, alimvaa kanisani,
na hakuwahi kumwona
mpaka alipomnunua.

Nikatafuta pa kuanzia.
Mchanga? Jacinto? Yale mapafu?
Simu yake ikalia. Akatoka nayo uani.
"Nakuja," akasema,
sijui ananiambia mimi au simu.

Namsikia anacheka huko.
Ubao uko mkononi. Nimemaliza ndege wa sita.
Wa saba simwanzi
mpaka arudi.